Kibonyeo cha Dod Riach

Watalii huambiwa ni fahali. Kila siku dada mwongoza wageni husimama mbele ya chungu kikubwa cha shaba tunachochemshia wiski, anawaonyesha kile kibonyeo kilichopo begani mwa chungu, pale shaba ilipobonyea ndani, anasema, "Zamani fahali alitoroka zizini, akaingia humu, akakipiga pembe!" Watalii wanacheka, wanapiga picha, wanakwenda kuonja. Fahali! Mimi nimepika kantini ya kiwanda hiki tangu nywele zangu zilipokuwa nyekundu, na sijaona fahali anayepanda ngazi ya chuma. Aliyekipiga ni Dod Riach, mume wa jirani yangu Elspet. Nataka kumzungumzia Elspet, maana Dod mwenyewe hana mazungumzo. Hata akiwa hai alikuwa mtu wa "ndiyo," "hapana," na "mvua inakuja."

Elspet alizaliwa hapa hapa bondeni, nyumba ya pili kutoka darajani, na hakuwahi kuhama zaidi ya kuvuka barabara kwenda kuolewa. Alisafisha ofisi za kiwanda, halafu jumba la vyungu na chumba cha wageni. Mwembamba, mkali wa usafi. Ukiingia kwake na viatu vya matope hakuambii kitu, anakutazama miguu tu mpaka unavua mwenyewe. Mtoto walimpata mmoja, wakiwa wameshakata tamaa, wakamwita Murdo. Huyo sasa alikuja na kelele za ukoo mzima. Akiingia kantini ananiita toka mlangoni, "Shangazi Jessie, leo supu ina nyama, au nyama imepita tu kusalimia?" Namrushia mwiko, anaudaka, anapakua mwenyewe.

Alipokua akaenda kwenye majukwaa ya mafuta huko baharini, kama vijana wengi wa huku. Januari mashua ya kubadilishia zamu ikapinduka kwenye mawimbi. Wenzake waliopolewa, wazima na maiti. Murdo hakuopolewa.

Habari ilimkuta Dod kazini. Mchungaji alikuja mwenyewe, akamwambia pale pale mbele ya chungu. Dod akasema, "Ahsante kwa kuja." Akangoja mchungaji atoke. Kisha akashusha ile nyundo kubwa ya mti inayotundikwa ukutani, akakipiga chungu pigo moja. Waliokuwa ua wa mapipa walidhani boila imepasuka. Walipoingia walikuta nyundo imesharudi ukutani na Dod anasoma kipimajoto. Akamaliza zamu, akaenda nyumbani kumwambia mkewe. Tangu siku hiyo mpaka anakufa, jina la mwanawe halikumtoka kinywani, na chozi hakuna aliyeliona. Kaburi nalo halikuwepo, kwa kuwa mwili haukuwepo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Dod ulikuwa ule mmoja tu.

Hakuna aliyemuuliza, na hakuna aliyekinyoosha kibonyeo. Kwetu chungu hakiguswi: ukibadilisha umbo lake, umebadilisha ladha, ndivyo tunavyoamini. Miaka ikapita, wiski ya mwaka ule ikafunguliwa, ikasifiwa mpaka Japani. Ah, basi! Kibonyeo kikawa kitakatifu. Wakakitungia fahali wao, na Elspet akawa anasikia kisa hicho kila siku huku ameshika tambara, watu wakicheka. Watu wakishatoka, anaweka kiganja chake ndani ya kibonyeo na kukiacha hapo kidogo. Nilimwona mara moja nikadhani anasugua.

Shaba nayo huliwa na mvuke, ikawa nyembamba. Mwaka juzi wakaletwa mafundi kutengeneza chungu kipya. Wakapima cha zamani kila pembe, na kibonyeo wakakipima, kisha wakakigonga upya kwenye kile kipya, mahali palepale, kina kilekile. Msitucheke. Mtu anayeishi kwa ladha haachi kitu kwa bahati. Cha zamani kikakatwa vipande, na vipande wakampa Ximena.

Ximena alikuwa msanii. Kila kiangazi kiwanda kinaalika wasanii wa nchi mbalimbali, wanakaa nyumba ile ya zamani ya mtunza mapipa, wanafanya mambo yao, na mwisho wanatuonyesha. Tumekuwa na Mfini aliyechora ukungu, na Mkorea aliyerekodi mapipa yakipumua. Hatuwaelewi sana, ila wanakula vizuri. Huyu Ximena alitoka Chile, baba yake mchimba shaba. Mchangamfu, mikono ina makovu ya moto, na anakumbatia watu ovyo ovyo, jambo ambalo huku halifanyiki mpaka pawe na msiba.

Wiki ile chungu kilipokatwa, Elspet aliingia jikoni kwangu, akafunga mlango, akakaa. Dod alikuwa ameshakufa. Ndipo aliponiambia anachotaka.

"Kile kipande chenye kibonyeo, Jessie. Nikiweke bustanini. Nipate mahali pa kumpelekea mwanangu maua."

"Si ukaombe?"

Alinitazama kama nimemwambia avue nguo kanisani.

"Elspet, mficha uchi hazai."

"Nilizaa," akasema. "Yuko wapi?"

Nikainamia viazi vyangu. Mdomo huu siku moja utaniua.

"Na usiniombee wewe," akaongeza. "Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi."

Sasa lazima mjue tulivyo. Huku hatuombi. Ukitaka kitu cha mtu unakiponda, mpaka mwenyewe aseme, "Basi si ukichukue kama ni kibaya hivyo!" Baba yangu alimpata ng'ombe wake bora kwa kumsema kwamba ana macho ya mlevi. Hata mimi niliposwa hivyohivyo, marehemu mume wangu alimwambia baba, "Huyu mrefu mno, atawaharibia fremu za milango." Baba akaelewa papo hapo, akamimina wiski.

Kwa hiyo Elspet akaanza safari zake. Kila Ijumaa anampelekea Ximena supu ya shayiri, au skonzi zilizofunikwa kitambaa, na kila Ijumaa anakiponda kile kipande. Siku moja nilifuatana naye nikayasikia kwa masikio yangu.

"Hicho hapo hakikufai, mwanangu," alisema, akikinyooshea kidole bila kukitazama. "Kibaya. Kitaharibu kazi yako nzuri."

"Kwani kinakukera, mama?"

"Aa, kukitazama tu kunakera. Ningekuwa mimi ningekitupa. Hata hapo bustanini kwangu pana mahali pa takataka."

Mtu wa kwetu angekibeba mgongoni akamfikishia kabla jua halijatua. Ximena akacheka, akamkumbatia, akasema, "Niachie mimi, mama. Nitakishughulikia." Elspet akatoka nje mashavu mekundu, anakaribia kabisa kutabasamu. "Ameelewa," akaniambia njiani. "Mtoto wa watu ana akili." Nyumbani akang'oa kabichi pembeni mwa ukuta, akasawazisha udongo, akapanda maua meupe kuzunguka nafasi tupu. Mimi nilipaona kila asubuhi nikifungua dirisha, na roho yangu haikutulia, ila ahadi ni ahadi.

Siku ya maonyesho chungu kipya kilizimwa ili wageni wazunguke humo ndani. Meneja Farquhar akatoa hotuba yake ileile ya kila mwaka. Vipande vya shaba vilikuwa vimekuwa majani, vimekuwa mabawa, vingine sijui vimekuwa nini. Elspet alivaa koti lake la kanisani. Akapita kwenye meza zote, polepole, na niliona macho yake yanatafuta.

Ximena akagonga glasi. Akamshika Elspet mkono akampeleka mbele, akafunua kitambaa. Chini yake palikuwa na duara la shaba, laini, linang'aa, unajiona mpaka kope.

"Hiki si cha kuuzwa," akasema, na sauti ilimtetemeka, maskini. "Ni cha mama yangu wa hapa, aliyenilisha. Mama Elspet, ni kilekile kipande. Nimekigonga majuma mazima mpaka nikakitoa lile bonde lililokuwa linakukera."

Watu wakapiga makofi. Elspet aliinama, akauona uso wake humo. Akapitisha kiganja katikati, akakirudisha, akapitisha tena.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Kinang'aa kweli."

Akambusu shavuni, yeye Elspet, mbele ya watu. Kisha akatembea mpaka kwenye chungu kipya, akapanda ngazi ya chuma, na mimi nyuma yake. Shaba ilikuwa bado na joto. Akaweka kiganja kwenye kibonyeo kile cha mafundi, kikaingia sawasawa.

"Vipimo ni vilevile," nikasema, mjinga mimi, maana nilitaka kusema chochote.

"Vilevile," akajibu. "Lakini aliyekipiga hiki hakufiwa na mtu."

Nyundo ya mti ilikuwa ingali ukutani, wameiacha kwa ajili ya picha. Akaishusha. Nilidhani anataka kuishika tu kwa sababu Dod aliishika. Akaiinua kwa mikono yote miwili, kile kibibi, akakipiga chungu. Jumba zima likalia. Glasi zikagongana mezani. Pembeni mwa kibonyeo kile pakaingia kingine, kidogo, kama umebonyeza unga kwa kidole gumba.

Meneja akaja mbio, uso mweupe. "Bi Riach! Umefanya nini? Ni nini hiki?"

"Fahali," akasema Elspet.

Halafu akaketi kwenye ngazi akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyepotea sokoni, akiita Murdo, Murdo wangu, na baada ya muda akaanza kumwita na Dod. Wazee waliofanya kazi na Dod walivua kofia wakatazama chini. Ximena alipanda akaja kwangu, ananivuta aproni.

"Nimekosea nini? Niambie!"

Nikamwambia yote. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuambia, mwanangu," nikasema. "Kila Ijumaa alikuambia, kwa jinsi yetu."

Akakaa pembeni mwa Elspet, akamkumbatia, na safari hii ilikuwa ni desturi yetu, maana palikuwa na msiba.

Elspet tulimzika Machi hii, kando ya Dod. Lile duara la shaba alilisugua kila Jumamosi mpaka mwisho, ila bustanini hakuliweka. Chungu hakuna aliyethubutu kukinyoosha. Wanangoja waone ladha itakuwaje. Watalii sasa wanaambiwa kwamba walikuwa fahali wawili. Mimi asubuhi, kabla geti halijafunguliwa, nachuma yale maua meupe ya bustanini kwake, nayaweka chini ya chungu. Huwa yanafagiwa kabla ya saa sita.