Nilimficha Nesi Vidonge Vyangu Ili Ukweni Wanione Dume

Kosa ni langu, na wala sitafuti wa kunitetea. Jina naliacha, maana madereva wa hapa Tunduma wakinijua nitataniwa hadi nistaafu!

Mimi naendesha lori, navuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, naelekea Kongo. Kwa kukaa kwenye foleni ya mpaka kutwa kucha, mguu ulinivimba, daktari akakuta damu imeganda kwenye mshipa. Akanipa vidonge vya kuzuia damu kuganda, nimeze kila siku. Nameza kwa siri. Dereva mgonjwa nani atampa gari?

Sasa, mke wangu ni wa Ihanda, kwa wakulima wa kahawa. Baba yake hajawahi kunikubali. Ananiita "mtu wa barabarani", tena nikiwa nimekaa hapohapo!

Mwaka huu mdogo wa mke wangu, Skola, akapangiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Hospitali ikataka ndugu wachangie damu. Mashemeji zangu wakaanza kutazamana. Mimi nikasimama kifua mbele: "Anzeni na mimi!"

Nesi akaniuliza, baba mkwe akiwa palepale: "Unatumia dawa yoyote, kaka?"

"Dawa? Mimi? Ugali tu, dada!"

Watu wakacheka. Moyoni nikajidanganya kwamba damu nyepesi ndiyo nzuri, itapita upesi kwa mgonjwa. Ujinga ulioje! Hata sindano ilipotoka, pamba ikalowa, wakabadilisha, ikalowa tena. Nikasema hizo ni nguvu za damu ya dereva.

Siku ya upasuaji Skola akavuja damu vibaya. Tuko nje, mke wangu analia, nesi yuleyule akatoka. Akasema damu wamemwongezea lakini bado inavuja, haigandi, kwa hiyo wanataka kumwekea plazma, yale maji ya njano yanayotengwa kwenye damu iliyochangwa.

"Humo ndimo kuna vitu vya kugandisha damu," akatuambia. "Na tunayoiyeyusha sasa hivi kutoka kwenye friji ni ya shemeji yake huyu. Kundi lao ni moja."

Jamani, ya kwangu!

Mzee akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mkwe wangu," akasema. Miaka yote hajawahi kuniita hivyo! "Umeniokolea mtoto."

Nikanyamaza. Ndiyo, mmesoma vizuri, nikanyamaza.

Nesi alipogeuka kurudi ndani ndipo nikaropoka: "Sista, msimwekee! Mimi nameza vidonge vya kuzuia damu kuganda!"

Aliniangalia kama anayetaka kunizaba kibao. "Vidonge hivyo vinapunguza vitu vilevile anavyovihitaji mgonjwa! Hata tungeigandisha barafu plazma yako mwaka mzima, friji haiwezi kuweka kisichokuwemo! Sasa tukaanze kuyeyusha mfuko mwingine!" Akakimbia.

Na kuyeyusha plazma si kuchemsha chai, haiharakishwi. Mzee aliuachia mkono wangu, akaenda kukaa benchi la mbali kabisa. Muda ule sijui niusimulieje. Niliogopa vibaya sana. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo mengine siyawezi kabisa!

Skola alipona, ashukuriwe Mungu. Sasa anapalilia kahawa na kupiga kelele kama zamani. Ukweni nimepewa jina jipya, "Kidonge", na hata watoto wa jirani wananiita hivyo! Mzee yeye ananisalimia kwa kutikisa kichwa tu, anapita. Hilo "mkwe wangu" sijalisikia tena, na linaniuma kuliko mguu.

Juzi tukiwa tunakula, Skola akaniuliza: "Shemeji, nesi angewahi kuingia ndani, ungemfuata?"

Nikacheka, nikaomba mboga nyingine.

Wenzangu, mkiulizwa dawa mnazotumia kabla ya kutoa damu, zitajeni zote, hata kama mtarudishwa nyumbani mbele ya ukoo mzima. Msitegemee kwamba mtasema baadaye. Mimi, mzee aliponishika mkono, nilikuwa nimeshaamua kumwacha Skola awekewe.