Bibi Alipomtoa Mwali Kwenye Uwanja wa Kikapu

Watu wananiulizaga, hivi wewe mama mtu mzima, kila Jumamosi unafuata nini kwenye kikapu cha wasichana wa chuo? Huo mchezo kwanza unaujua? Siujui! Nikiona wa kwetu wanapiga makofi, na mie napiga. Pale kila mtu ana lake. Vijana wanafuata wachumba, muuza karanga anafuata wateja, na kuna baba mmoja anatoka Ukonga huko, eti nyumbani kwake kelele zimezidi, anakuja uwanjani kupumzika. Mie namfuata mwanangu. Nikimwona anaruka na mpira, jamani, nasikia raha mpaka machozi yananilenga.

Aliyekataa katakata kuja ni mama yangu, bibi yake. Yeye ndiye aliyemlea, hapa hapa Temeke, na alipovunja ungo ndiye aliyemwandalia ngoma. Kwetu sie watu wa pwani, mwali huwekwa ndani akafundwa, na siku ya kutolewa anatandikiwa khanga apite juu yake, wanawake wanampigia vigelegele. Siku yake ya kutolewa, mwanangu akatoroka na timu ya kikapu ya shule, kwenda mashindanoni. Loo! Ngoma ikalia, wageni wakala pilau ya mwali ambaye hayupo. Mama yangu hakugomba. Bora angegomba. Tangu hapo mtoto akimwamkia shikamoo anajibiwa marahaba, basi, hapati neno la pili. Akaingia chuo, akapata jezi yake, na kila mechi ikiisha ananijia mbio na swali lile lile: "Mama, bibi hajaja tu?" Nilikuwa natamani nimtingishe mama yangu mabega, Mungu anisamehe.

Jumamosi moja namkuta kibarazani, kashaoga, kajitanda khanga yake mpya.

"Nipeleke," akasema. "Nataka nikakione hicho kilichonipokonya mwali wangu."

Njia nzima nilikuwa naomba kimoyomoyo asije akatuaibisha.

Uwanjani alikaa kakunja uso. Akaziangalia zile bukta, akasonya. Mara mwanangu akaupora mpira, akawapita wasichana wawili, akaruka, akafunga. Watu wakainuka kwenye mabenchi, wanaume wazima wanamshangilia binti yangu. Nikageuka nimtazame mama. Hayupo.

Yuko katikati ya uwanja, na mpira unachezwa! Kigelegele kinamtoka, khanga kashaivua, anaitandika chini mbele ya mjukuu wake. Refa akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Bibi, toka uwanjani!"

"Tulia, mwanangu. Namtoa mwali wangu."

Mwanangu kasimama pale, jasho linamchuruzika, mpira umeshamponyoka.

"Bibi, umenisamehe?"

"Nyamaza wewe. Mwali haongei."

Na mtoto yule, anayebishanaga na marefa mpaka wanamtoa nje, akafunga mdomo. Akainama, akavua raba zake. Akapita juu ya khanga polepole, macho kayainamisha chini, machozi yanamdondoka, na wanawake wote pale, hata wa ile timu nyingine, wakampigia vigelegele.