Mikunjo ya Shuka la Shemeji

"Shemeji, umenimaliza! Shuka umelipiga pasi?"

Nilikuwa nimekwenda kumsaidia mdogo wangu aliyejifungua, na shukrani ndiyo hiyo. Mumewe kalishika shuka la maua mikono miwili kama kabeba maiti.

"Lilikuwa limekunjamana kama uso wa aliyelamba ndimu," nikamjibu. "Ulitaka niliache?"

"Mikunjo ile nimeilalia siku tatu!"

Shemeji yangu hupiga video za waimbaji sebuleni kwake, na lile shuka hutundikwa nyuma yao. Kamera nzuri anayo, iko kabatini kaiviringishia taulo. Zamani alipiga video moja safi, taa nne, moshi wa kununua. Mama wa mwimbaji alipoiona akauliza, "Huyu mwanangu anauza sabuni?" Shemeji akaapa kuanzia hapo video zake ziwe mbaya, lakini ubaya wa kupangwa. Hupiga kwa simu yenye ufa, na juu yake huweka pimamaji ya fundi mwashi kuhakikisha imepinda vya kutosha. Na wateja wanapanga foleni! Dunia ina mambo.

Mteja wa siku hiyo, mchomelea mageti, alikuwa keshaketi. Nusu ya wimbo wake wa kuachwa na mke ilipigwa jana. Leo ilibaki nusu ya pili, na ruhusa yake kazini ilikuwa inaisha saa kumi. Siku nyingine hana.

"Mikunjo isipofanana na ya jana, video imeharibika," shemeji akasema, jasho likimtoka. "Una deni langu. Likalie."

Nikalikalia. Mwili ninao, sijawahi kumnyima mtu. Saa nzima nipo juu ya shuka, namenya viazi. Akalitundika, akalilinganisha na picha ya jana.

"Mkunjo wa kushoto umezidi unene."

"Huko ndiko nilikoegemea. Nijikate?"

Mchomeleaji akainuka, akalisogelea shuka, akalitazama.

"La jana lilikuwa la mtu aliyeachwa wiki iliyopita," akasema. "Hili la mama ni la aliyeachwa miaka kumi na moja iliyopita. Ndiyo yangu hasa. Futa ya jana, kaka, tuanze upya."

Wakaanza upya. Saa kumi kasorobo wimbo ukaisha, baba wa watu analia machozi ya kweli, picha imelalia upande.

Shemeji akashusha pumzi.

"Shemeji, deni nimekusamehe."

"Asante," nikasema, nikatafuta pa kuegemeza mgongo.