Ligi Yetu ya Besiboli Umm Salal, Ilivyoishi na Ilivyokufa

"Mwacheni alale. Anapoteza muda."

Maneno hayo aliyasema bosi wetu, mtu mzima, baba wa watoto, amekaa chini ya hema lenye feni. Mbele yake Shabani, mlinzi mwenzangu, alikuwa kifudifudi mchangani, saa nane mchana, mwezi wa sita, na jua lile la Doha linalochoma hata macho. Mimi nilikuwa mwamuzi. Nilivua kinga ya chuma usoni nikaitupa chini, nikapiga kelele mpaka sauti yangu ikanishtua mwenyewe.

"Muda gani, Mudiri? Anapoteza muda gani? Mchezo huu una saa?"

Uvumilivu wangu ulikatikia pale. Sasa nieleze nilifikaje nyuma ya ile kinga, maana wasichana wanaokwenda Ghuba kufanya ulinzi hunipigia simu kuuliza kazi ilikuwaje, na nikiwaambia niliwahi kuamua besiboli wanacheka. Mimi si mzee. Nina mtoto mmoja, Imrani, na elimu yangu ni ya kidato cha nne. Lakini kazi hiyo katika kampuni yetu ilizaliwa na kufa ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo kwenye kazi hiyo mimi ndiye bibi yenu. Hakuna aliyenitangulia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa Lusail, wakati ule Lusail ni kreni na vumbi tu. Imrani nilikuwa nimemwacha kwa mama yangu Muheza, hajaanza hata kutambaa, na shati la sare lililowa maziwa kabla ya saa nne. Msimamizi wa lango akaniona, akageuza uso, akasema, "Nenda kaoshe, madam, halafu urudi langoni." Basi. Hiyo ndiyo karibu niliyopewa. Kazi yenyewe ilikuwa kusachi mabegi ya wanawake wanaoingia na kupaza sauti magari yasimame. Nina sauti mimi. Nyumbani waliniita king'ora.

Sauti hiyo ndiyo iliyonihamisha. Mudiri wetu, mkuu wa walinzi wote, alikuwa amepata wazo. Wageni wakubwa wa kampuni walikuwa Wamarekani, wanapenda besiboli, naye akataka kuwafurahisha kwa ligi ya wafanyakazi. Akaunda timu nne: walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli na Wafilipino wa gereji. Uwanja ukasawazishwa kwa greda huko Umm Salal, pembeni ya mashamba, kokoto tupu. Akaja langoni, akanisikia nikimfokea dereva wa lori, akasema, "Huyu! Huyu ndiye mwamuzi."

Nikasema, "Mudiri, huo mchezo siujui."

"Utafundishwa. Yalla, twende."

Aliyenifundisha ni fundi wa gereji, Mfilipino mwenye mvi, tukimwita Kuya, ambayo kwao ni kaka mkubwa. Mambo ya msingi nilielewa upesi. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo, mdakaji amechuchumaa nyuma yake, na mwamuzi anasimama nyuma ya mdakaji. Mpira mzuri ambao mpigaji hakuupiga ni straiki. Straiki tatu, ametoka, yaani auti. Auti tatu, timu zinabadilishana, wapigaji wanakwenda kulinda. Anayepiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne, ambavyo ndivyo besi, na akirudi alipoanzia amepata pointi.

Kilichonishinda kuamini ni kingine. Nilimuuliza, "Kuya, mpira unaisha saa ngapi?"

Akacheka. "Hauna saa, dada. Unaisha auti zikiisha. Hata ikifika kesho."

"Na mtu akizimia?"

"Wewe ndiye unayesimamisha. Mwamuzi akisema simama, hata mwenye uwanja anasimama."

Niliwaeleza walinzi wenzangu, hawakunielewa. Wote walilelewa na soka. Kwao timu ikishaongoza, kinachobaki ni kuua muda: unaanguka, unashika goti, unafunga kamba za viatu mara tatu. Shabani, kijana wa Handeni, alikuwa bingwa wa hayo. Mechi ya kwanza tu tuliyoongoza, alianguka besi ya tatu akagaagaa kama kuku aliyechinjwa. Otieno, Mkenya mwenye maneno kuliko redio, akapayuka, "Mleteeni mto huyu msee, bana! Na chai ya maziwa!" Watu wakavunjika mbavu. Kuya alikuja kumwinamia, anamuuliza kwa upole, "Bwana, unamcheleweshea nani?" Hakuelewa. Nilimfuata mimi.

"Shabani, hakuna kipenga cha mwisho hapa. Ukilala mpaka magharibi, ukiamka auti zako ni zile zile."

"Dada, wewe amua. Huku nyuma tuachie wanaume tunaojua mpira."

Basi ikawa mtindo. Kila walinzi wakiongoza, Shabani anaanguka, na umati unaitikia "Mto! Mto!" Wageni wa Mudiri walilipenda tukio hilo kuliko mchezo wenyewe. Walikuwa wanampiga picha.

Hapa lazima niseme jambo moja wazi, kwa sababu ndilo lililokuja kubishaniwa. Kucheza hakukuwa hiari. Alhamisi jioni, tukiwa mstarini kambini, Mudiri alisimama mbele ya walinzi wote akatamka, "Mechi ya Ijumaa ni zamu." Asiyetaka kucheza alipangwa langoni mchana kutwa, siku ambayo wenzake Waislamu wako msikitini na Wakristo wako Mesaimeer kanisani. Mmoja alikataa kwa sababu ya goti, akapangwa Ijumaa zote za mwezi ule. Hakukataa mwingine.

Msimu ulianza wakati wa baridi, tukicheza alasiri, raha tupu. Joto lilipopanda tukahamia jioni. Kisha ikaja fainali, walinzi na gereji. Wageni walikuwa wanasafiri likizo usiku ule, wakitaka kuona mechi kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Mudiri akaileta mechi baada tu ya sala ya Ijumaa.

Nilimwendea ofisini. Nilidhani amekosea, nilidhani ni suala la kumkumbusha tu. "Mudiri, kiangazi hiki serikali imekataza kazi za nje mchana. Hata mafundi wa Lusail wanapumzishwa kivulini."

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza swali zuri. "Hiyo ni kazi, madam. Hii ni michezo."

"Lakini umesema ni zamu."

"Khalas, yameisha. Vaa vizuri, wageni wanakuja."

Nilitoka pale. Mpaka leo jibu hilo nalikumbuka neno kwa neno. Mtu mmoja, mdomo mmoja: akikutaka uje ni zamu, jua likiuliza ni michezo.

Mechi ikachezwa. Maji yalikuwepo, lakini yaliwekwa hemani kwa wageni, wachezaji wanakwenda timu zikibadilishana. Walinzi wakaongoza. Shabani alikuwa amesimama besi ya pili, na niliona ameacha kutoa jasho. Uso mkavu, kama udongo. Nikasema moyoni, huyu akirudi namtoa. Hakurudi. Magoti yalikunjika, akaenda chini kwa uso, hata mikono hakuitanguliza.

Na umati mzima ukaimba, "Mto! Mto!"

Otieno alikuwa wa kwanza kupayuka. "Oscar ya uigizaji ni yako, Shabani! Amka, tumeshakupenda!" Wageni wakainua simu zao. Kuya peke yake ndiye aliyeanza kukimbia. Nikainua mikono yote miwili kusimamisha mchezo, ndipo Mudiri akasema maneno yake kuhusu muda, na kinga yangu ikaenda mchangani.

Nilifika nikamgeuza. Ngozi ilikuwa moto kama sufuria, macho yamegeuka juu, anaongea vitu visivyoeleweka, anamwita mama yake. Kuya alimbeba mabegani. Tulimpeleka hemani, nikavuta feni kutoka mbele ya mke wa mgeni bila hata kumwomba radhi, tukammwagia barafu ya soda zao. Otieno alikuja nyuma, hana rangi. "Dada, mi nilidhani... Dada, nilikuwa nacheka." Nikamwambia, "Shika miguu."

Ligi ilikufa siku ile. Kombe halikutolewa.

Shabani alilazwa. Figo zilikuwa zimeumia, daktari akasema matibabu bado marefu. Wiki ya pili Mudiri akatuita akatueleza, taratibu kabisa, kwamba kampuni inamhurumia kijana, lakini kijana aliumia akicheza siku yake ya mapumziko, hilo halihusu kazi, kwa hiyo anarudishwa kwao Jumatatu akapumzike na familia. Na anayetaka kuchangia apeleke mchango kwa msimamizi wake. Tukapewa juisi. Nilimwangalia anavyozungumza, nikawaza: mama yake huyu mtoto atampokea uwanja wa ndege akidhani amepona.

Nilipomwambia Otieno kwamba nakwenda ofisi ya kazi ya serikali kushtaki, alinivuta pembeni. "Dada, una mtoto. Ukienda huko kwa watu wa kazi, wewe ndio utapanda hiyo ndege."

"Nina mtoto, ndiyo. Ndiyo maana nakwenda."

Kazi ile haikunifundisha kupenda besiboli, nawaambieni kweli. Ilinifundisha kwamba ukisimama nyuma ya mdakaji unaona kila kitu, na aliyeona ndiye anayetamka. Otieno alisema kweli: mkataba wangu haukurefushwa, nikarudi Muheza kabla ya baridi. Shabani aliondoka Doha baada yangu, akipanda ndege kwa miguu yake mwenyewe. Mnaoniuliza nilisema nini kule ofisi ya kazi, asubuhi ya Jumapili, haya ndiyo niliyoandika, mkalimani akayageuza Kiarabu mbele yangu:

"Mimi ni mlinzi wa kike na mwamuzi wa ligi ya kampuni. Nalalamika dhidi ya Mudiri wetu. Alituamuru kucheza nje mchana wa kiangazi. Alitangaza mbele ya walinzi wote kwamba mechi ni zamu, na asiyecheza alipangwa langoni. Shabani alianguka akiwa kazini. Nilisimamisha mchezo, Mudiri akaagiza aachwe alale. Sasa anataka kumpandisha ndege kesho akiwa mgonjwa. Naomba ndege hiyo isimchukue mpaka daktari anayemtibu, na si mwingine, aseme amepona. Nimeambiwa naweza kuficha jina langu. Sifichi. Naomba Mudiri aitwe nami niwepo, aseme tena mbele yangu kwamba kijana yule alikuwa anapoteza muda."