Mbuzi wa Kuazima wa Bilan

Saa mbili asubuhi, mbuzi mweusi amefungwa kwenye ua wa zahanati moja karibu na Balambala, kaunti ya Garissa, anatafuna katoni ya dawa. Ndani, Ruweyda Siyad, afisa wa ustawi wa jamii, amempakata mtoto huku muuguzi akimzungushia mkononi utepe wa kupima lishe. Utepe unaonyesha kijani, rangi ya mtoto aliyelishwa vizuri.

"Kijani," muuguzi anasema, kisha anapima tena.

Mtoto huyo, Bilan, ana mwaka mmoja na nusu. Mapema mwaka huu alilazwa mara mbili kwa utapiamlo. Kila mara alipata nafuu kwa pakiti za lishe ya karanga, akaruhusiwa, kisha akakonda tena. Mama yake, Fatumo, alikuwa na jibu moja kwa muuguzi huyo anayetoka Kitui: "Daktari, nyumbani chakula iko."

"Nilidhani ni minyoo," anasema muuguzi. "Nikapima, sikupata kitu. Nikamwomba Ruweyda aende akaone."

Ruweyda alifika jioni, wakati wa kukamua. Hakuuliza habari za chakula. Aliangalia zizi.

"Miiba ya ua ilikuwa imegeuzwa kuni," anasema. "Mwenye mifugo hachomi ua wa zizi lake."

Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wao, na mume wa Fatumo alikuwa mjini Garissa akitafuta vibarua. Kaka mkubwa wa mume huyo, Yarow, anaishi jirani na ana mbuzi wa maziwa. Fatumo hakuwa amemwomba kitu, wala hakutaka zahanati ijue.

"Nikiambia serikali mtoto iko na njaa, nimeshtaki ndugu ya bwana yangu," anaeleza. "Halafu nitaishi na nani?"

Kwa hiyo Ruweyda hakumwita chifu. Aliandamana na Fatumo hadi kwa Yarow, kusalimia tu, akamweka Bilan mapajani mwa Yarow.

"Umekuja kama serikali ama kama binti ya Siyad?" Yarow aliuliza.

"Binti ya Siyad, adeer," Ruweyda alijibu, akimwita ami kwa Kisomali.

"Huyu mwepesi kama kuku."

"Kuku hulishwa, adeer."

Yarow alicheka. Kabla ya magharibi alikuwa ametoa mbuzi mweusi, kwa desturi ya kwao: aliyepungukiwa humkamua hadi maziwa yakatike, kisha humrudisha kwa mwenyewe.

Muuguzi aliweka sharti kwamba maziwa yachemshwe, kwa kuwa mabichi huweza kuleta ugonjwa. Fatumo alimcheka: "Maziwa ya kuchemsha imekufa, daktari. Wewe kunywa maiti."

"Mimi ningemlaza mara ya tatu," muuguzi anasema. "Namshukuru Ruweyda. Aliona nisichoweza kukiona nikiwa hapa."

Ruweyda anasema shukrani ni za Yarow. Mpango wake sasa ni kwamba kila mtoto anayelazwa mara ya pili atembelewe kwao kabla hajaruhusiwa.

Maziwa ya mbuzi mweusi yamekatika. Baada ya kipimo, Fatumo anamfungua ili amrudishe, bila kujua Bilan atakunywa nini kesho. Ruweyda anafuatana naye.

Yarow anampokea mbuzi, anamnyanyua Bilan. "Kuku amekuwa kondoo," anasema. Anaingia zizini na kutoka na mbuzi mwingine, wa kahawia, aliyezaa karibuni.

Alhamisi iliyofuata, Fatumo alileta zahanati kidumu cha maziwa, akamkabidhi muuguzi. Muuguzi alikifungua, akachungulia ndani. Maziwa yalikuwa na utando juu: yalikuwa yamechemshwa.