Tarumbeta Nyuma ya Pipa

Siku ya kwanza kumwona nilidhani ni mgonjwa. Alikuwa ndiyo kwanza amewekwa kwenye meza ya pasi, pale tunapofua mashuka ya hoteli na hospitali, na msimamizi alikuwa akimwonyesha namna ya kukunja pembe. Mkono wake wa kushoto ulishika shuka. Wa kulia ulikuwa ukingoni mwa meza, na vidole vitatu vilikuwa vinabonyeza ubao: kimoja, viwili pamoja, vyote, tena kimoja. Nikasema moyoni, maskini, mishipa hiyo.

Mimi ni mwendesha mashine ya kukaushia. Wenzangu wananiita Kimya, na sikuwahi kuwapinga, maana kupinga nako ni kuongea. Yeye tulimwita Mama Pacha. Alikuwa na pacha wa mwaka mmoja na nusu, wa kiume jina lake la utani Mzito, wa kike Kelele. Baba yao alikuwa dereva wa lori la masafa, akirudi nyumbani analala, akiamka anaondoka.

Mashine yangu ni pipa la chuma lililo refu kuliko mtu. Ukishalipakia mashuka mabichi na kuliwasha, halizimwi mpaka yakauke, na lina mvumo mkubwa hata watu walio karibu nalo wanaongea kwa mikono. Kwa hiyo wakati wa chakula wote hutoka nje, mimi nabaki nalo. Siku moja nikazunguka nyuma ili nisafishe chujio la vumbi. Nikamkuta Mama Pacha amesimama kati ya pipa na ukuta, amefumba macho, mashavu yamejaa kama puto, tarumbeta mdomoni.

Niliganda na brashi mkononi. Kilichonitisha hasa ni kwamba sikusikia kitu. Mtu anapuliza tarumbeta mbele ya pua yangu, na mimi nasikia pipa tu.

Alipofumbua macho akaganda naye. Kisha akanivuta kwa mkono wa shati mpaka mlangoni.

"Umesikia?"

"Nimeona mashavu."

"Kaka, usimwambie mtu."

"Mimi hata ya kusema siyasemi."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akanieleza. Alikuwa akipiga tarumbeta tangu usichana wake. Bendi ya mji ilikuwa na nafasi moja, na mkuu wa bendi alikuwa amemwambia aende akasikilizwe mwezi ukiisha.

"Niliiweka chini nilipojifungua, nikasema nitaishika watoto wakikua. Lakini midomo haisubiri watoto, kaka. Midomo inasahau. Nikiikosa nafasi hii, basi, nitaitundika ukutani iwe pambo."

"Nyumbani je?"

"Nyumbani? Mzito anataka kuitafuna. Kelele ameimiminia maziwa. Wakilala, nikipuliza wanaamka, na jirani anagonga ukuta. Muda wangu ni huu wa chakula tu."

"Sasa unakula saa ngapi?"

"Nikiwa napiga pasi. Mkono huu pasi, mkono huu mkate. Naomba Mungu tu nisije nikauma pasi."

Tangu siku hiyo nikawa nasafisha chujio mapema, ili nyuma ya pipa pawe pake. Kila nikichungulia, mashavu yapo, vidole vinakimbia, shingo imetoka mishipa. Nikawa namhesabu kuwa fundi mkubwa. Namna gani nilijua, sijui. Nilimjua kwa macho tu.

Siku ya kusikilizwa, jirani mwingine, yule anayemlelea pacha, alipata msiba. Mama Pacha akaja kwenye mashine yangu asubuhi.

"Kaka Kimya, una mikono miwili?"

"Ninayo."

"Leo jioni naiazima yote."

Ndivyo nilivyojikuta nimeketi kwenye benchi la ukumbi wa bendi, Mzito paja hili, Kelele paja lile. Mkuu wa bendi alikuwa mzee mwembamba, ana kikombe cha chai mkononi. Akasema kwa upole, "Haya binti yangu. Wimbo wa polepole. Piga kama unambembeleza mtoto."

Mama Pacha akasimama katikati ya ukumbi uliotulia. Akavuta pumzi. Akapuliza.

Sijui niseme nini. Vioo vya madirisha vililia. Chai ya mzee ilimwagikia suruali. Mzito alinikumbatia shingo kama mtu anayezama, na Kelele, ambaye sikuwahi kumwona amenyamaza, alinyamaza kabisa, mdomo wazi, kabla ya kuangua kilio. Mimi mwenyewe niliinama, kama kuna kitu kimerushwa. Nilikuwa nimemtazama mwezi mzima akipuliza, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia.

Alikatiza katikati. Akaishusha tarumbeta akaitazama kana kwamba amekabidhiwa ya mtu mwingine.

"Hiyo ilikuwa mimi?"

Mzee alikuwa anajifuta suruali. "Mama, unafanyia wapi mazoezi?"

"Kazini. Nyuma ya mashine ya kukaushia."

"Na wewe mwenyewe unajisikia?"

Nikaona uso wake unabadilika, na nadhani wangu ulibadilika pia, maana hatukuwahi kulifikiria jambo hilo. Mwezi mzima alikuwa anashindana na pipa. Kila siku alipuliza kwa nguvu zaidi ili angalau ajisikie kidogo, na kila siku pipa lilimshinda.

"Vidole vizuri, vizuri sana," mzee akasema. "Lakini ukipuliza hivyo, wenzako watakuwa wanapiga kwa ajili ya nani? Nakupa wiki mbili. Utapiga wimbo huu, na mimi nitaongea na huyu bwana hapa bila kupaza sauti. Nikiweza kuongea naye, nafasi ni yako. Nisipoweza, nitaita mwingine."

Nikaona mzee ameniharibia. Kuongea na mimi, kati ya watu wote.

Tulirudi kwa miguu, kila mmoja na pacha wake. Nilidhani yamekwisha. Nyuma ya pipa ni kelele, nyumbani ni watoto. Lakini alipofika kazini siku iliyofuata, hakuja nyuma. Alikula na wenzake nje kama watu.

"Nimepata mwalimu," aliniambia. "Wawili. Wanapolala nasimama nje penye kamba ya nguo, napuliza wimbo. Mmoja akiamka, nimefeli."

"Na jirani?"

"Jana kagonga ukuta kwa mwiko. Leo kwa kidole."

Kila siku alinipa taarifa akiwa anakunja mashuka. Nimefika dirishani. Nimefika kizingitini, Mzito kageuka lakini hakuamka. Nimerudishwa kwenye kamba ya nguo, Kelele ameamka akanirushia kijiko. Nimeingia chumbani. Siku moja akasema, kwa sauti ndogo kama anaungama, "Leo nimepiga nimekaa kitandani, miguu yao iko pajani pangu." Nilisahau kulipakia pipa. Msimamizi aliniita mara mbili.

Wiki mbili zikaisha, tukarudi ukumbini. Njiani pacha wakasinzia, na nilikaa nao benchini vilevile walivyolala, Mzito begani, Kelele kwenye mkono. Mzee akavuta kiti karibu nami.

"Haya bwana, habari za kazi?"

Tarumbeta ilikuwa imeshaanza. Nilichelewa kutambua kwamba imeanza. Ilikuwa kama mtu anazungumza chumba cha pili. Nikasema kazi nzuri, nikasema mashuka ni mengi, nikamweleza namna pipa linavyopakiwa, na mzee akawa anaitikia, kisha akaacha kuitikia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaisikiliza tarumbeta. Na mimi, ambaye nusu ya maisha yangu naitwa Kimya, nilikuwa nikiongea peke yangu ukumbini.

Tangu siku hiyo Mama Pacha hakurudi tena kwenye pasi. Nimemwona mara chache tangu hapo, akipita barabarani na bendi, safu ya pili, na mtu anayepuliza hawezi kukusalimu. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwangu ni yale ya kwenye ngazi za ukumbi. Nilikuwa nimetangulia kutoka na pacha, naye akatoka ndani, akaketi ghafla kama aliyesukumwa, akanitazama. Nikamuuliza kama amepata. Akaelekeza kidole begani kwangu, kwa Mzito aliyelala.

"Mshike vizuri kichwa, kaka," akanong'ona. "Nikishangilia, ataamka."