Wavu wa Kahawa na Maembe ya Ziwani

Nasema bila kuona haya: sisi Wamatengo tunajua kuanika. Nimekulia Mbuji, mlimani kwenye mashamba ya mikahawa, na kabla sijajua kusoma nilishajua kuigeuza kahawa kwenye kichanja, kuifunika jua likiwa kali ili isipasuke, na kuifunika tena jioni isije ikashika umande. Baba yangu alikuwa na sheria moja kuhusu vichanja vyake: hakianikwi juu yake kitu kingine. Si maharage, si mihogo, si nguo ya mtoto. Kahawa, alisema, inavuta harufu ya chochote kilicho karibu nayo, na mnunuzi ana pua. Tulikuwa tunacheka pembeni, lakini tulitii.

Kisha nikaolewa Mbaha, ufukweni mwa ziwa, kwa watu wa dagaa. Huko nako wanaanika. Asubuhi mitumbwi ikirudi, vichanja vyote vinajaa, na sisi wanawake tunasimama juani kugeuza dagaa na kufukuza kunguru. Kazi hiyo niliifanya vizuri tangu mwaka wa kwanza, ila baba mkwe hakukubali kuona. Kwake nilikuwa mtu wa ngoro tu, yaani wa yale mashimo tunayochimba kwenye mashamba ya mlimani ili mvua isiteremshe udongo. Na hakuniambia mwenyewe, maana kwa heshima ya ukwe katika nyumba ile baba mkwe hasemi moja kwa moja na mke wa mwanawe. Tunakaa uani, mimi, yeye na mama mkwe, naye anamgeukia mke wake: "Mwambie mkwe wako, dagaa si kahawa." Mama mkwe ananigeukia mimi: "Baba anasema dagaa si kahawa." Nami najibu, "Mwambie baba nimesikia," na yeye yuko hapo hapo anakunja nyavu zake.

Nyuma ya nyumba kuna mwembe. Mama mkwe aliupanda mwenyewe, kwa kokwa la embe alilokula siku za uzazi wa mume wangu, na sasa shina lake mtu mmoja hawezi kulikumbatia. Unazaa mpaka matawi yanainama, na hapo ndipo ulipokuwa ugomvi. Mbaha kila nyumba ina mwembe wake, kwa hiyo ukimpelekea jirani maembe anakushangaa. Maembe yalikuwa yanaanguka, yanaoza, yanaita inzi, na inzi wakishashiba wanahamia kwenye dagaa. Mwaka ule pia mtumbwi wa baba mkwe ulikuwa umezibwa mpaka hapakubaki pa kuziba, na miti minene ya kuchonga mitumbwi imekuwa adimu karibu na ziwa. Siku moja akauzunguka mwembe, akakata alama kwenye shina kwa panga, akatangaza kwamba maembe yakiisha tu, fundi wa mitumbwi atakuja.

Mama mkwe alichukua vyombo vilivyokwisha kuoshwa akaenda kuviosha tena. Nilimwona, nikakasirika kwa niaba yake, na mimi nikikasirika sinyamazi. Nikamfuata, nikasema kwa sauti ya kumfikia mwenye panga: "Mama, mwambie baba, msimu huu lisipooza hata embe moja chini ya mti huu, auache."

"Nani atayala maembe yote hayo?" baba mkwe akamuuliza mke wake.

"Mwambie nitayaanika," nikasema.

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alikubali, maana aliona ni maneno ya mtu wa mlimani tu.

Siku zile ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala nyumbani na vichanja vinakaa vitupu. Mama mkwe akanipa vyake. Tulivisugua kwa mchanga na sabuni, tukavisuuza kwa maji ya ziwa mpaka mikono ikachubuka. Nikachagua maembe yaliyoiva lakini bado magumu, nikayamenya, nikayakata vipande vya unene wa kidole, nikavikamulia ndimu visiwe vyeusi, nikavipanga visigusane na kuvifunika kwa chandarua safi. Vilipofika mahali pa kukunjika bila kutoa maji, tukaonja. Vilikuwa vitamu, vyenye uchachu kwa mbali, vya kutafuna taratibu. Mama mkwe alisifu, mume wangu alisifu, majirani walikuja kuchungulia wakaondoka na viganja vimejaa. Hata baba mkwe alichukua kimoja, akakitafuna akiangalia pembeni. Nilitembea ufuko mzima kichwa juu.

Nikapanda na mfuko mzima mlimani, kwenye Komunyo ya Kwanza ya mtoto wa dada yangu huko Kigonsera. Nilitaka watu wetu waone. Nikamwamkia baba yangu shikamoo, akaitikia, nikampa kipande kwa mikono miwili. Baba alikipeleka puani kwanza, kama anavyofanya kwa kila kitu. Akakinusa tena, halafu akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, hili ni embe au dagaa?"

Dada yangu akanusa, shangazi zangu wakanusa, kikazuka kicheko ambacho nadhani walikisikia mpaka kanisani. Nikanusa na mimi. Nikanusa tena. Sikusikia kitu, na ndipo nilipoelewa. Mbaha nzima hakuna mtu ambaye angeisikia harufu ile, kwa sababu ndiyo harufu ya nguo zetu, ya mashuka yetu, ya nywele za watoto wetu. Tulionja sote, tukasifu sote, na hakuna pua hata moja iliyotusaidia.

"Ungeanika kahawa yangu kwenye vichanja vya dagaa?" baba akaniuliza kicheko kilipotulia.

"Hapana, baba."

"Sasa embe limekukosea nini?"

Iliniuma, sikatai. Lakini kesho yake baba alinichukua mpaka Mbuji, akaingia stoo, akatoka na wavu mpya wa kuanikia kahawa aliokuwa ameuweka kwa ajili ya msimu wake mwenyewe. Akanikabidhi. Nijenge kichanja changu, akasema, mbali na dagaa, upande upepo unakotokea, na juu yake kisilale kitu kingine mradi mimi ni mzima. Vile vipande vyenye harufu nilirudi navyo Mbaha, na vililiwa kwa furaha hadi cha mwisho.

Mume wangu alinikatia miti, tukajenga kichanja kwenye mwinuko mdogo upande wa juu wa nyumba. Nilitenga kisu, nikatenga beseni, nikatenga hata kitenge: aliyetoka kwenye dagaa haji kwenye maembe mpaka aoge na kubadilisha. Mama mkwe mwanzoni aliona namchosha. Baada ya muda akawa mkali kuliko mimi, akawa anamfukuza mwanawe mwenyewe asikaribie. Mvua zilikuwa zimeanza, na kwa mvua za ziwani kahawa haikunifundisha kitu, maana kwetu tunaanika kiangazi. Mama mkwe ndiye aliyejua. Milima ya ng'ambo ikionekana karibu kuliko kawaida, anaita, tunakimbia na turubai, na tone la kwanza linakuta tumeshafunika. Mimi nilijua jua, yeye alijua mvua.

Maembe yaliyoanguka yakapasuka hayakufaa kukatwa. Hayo tuliyaponda, tukayachuja nyuzi, tukapaka masinia mafuta kidogo na kuutandaza uji wake mwembamba kabisa. Ukikauka unaubandua mzima, unauviringisha kama mkeka. Mama mkwe akauita ngozi. Kila alfajiri tulikuwa wa kwanza chini ya mwembe, mimi na yeye, tukiokota. Baba mkwe naye alikuja nyuma yetu kila asubuhi, mikono mgongoni, akipekua majani kwa ncha ya mguu. Hakupata hata moja. Nilikuwa namwangalia nikiwa nimegeuka nusu, nikijisikia vizuri sana.

Jioni moja, giza la mwezi liliporudi na wavuvi wakawa wanajiandaa, alisimama uani akakohoa. "Mwambie mkwe wako anifungie yale maembe. Yanafukuza usingizi ziwani."

"Baba anasema umfungie."

"Mwambie yamefungwa tayari," nikasema, na yalikuwa yamefungwa kweli.

Msimu ukaisha, Krismasi ikapita, na fundi wa mitumbwi akaja na shoka na tezo yake, kwa sababu hakuna aliyemwambia asije. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anaviringisha ngozi za mwisho. Mikono yake ilisimama. Na mimi, pamoja na majigambo yangu yote, niliogopa, maana mtumbwi ulikuwa unahitajika kweli, na ahadi aliyoitoa mtu akicheka ni rahisi kuisahau. Fundi akalipiga shina kwa kiganja, akalisifu. Baba mkwe akamsogelea, akaweka mkono juu ya ile alama ya panga. Utomvu ulikuwa umeiziba.

"Tutatafuta mti kwingine," akasema.

"Mzee, si tulikubaliana mwembe huu?" fundi akashangaa.

"Mwembe gani? Huu ni mkahawa wa mkwe wangu."

Alisema akiwa ananitazama mimi usoni. Kwa mazoea nilimgeukia mama mkwe, nikisubiri anifikishie. Alikuwa amerudi kwenye ngozi zake, machozi yanamtoka na anacheka, na hakunifikishia kitu.